Reli Ileile, Mwendo Mwingine: Rekodi Zilizowekwa kwenye Njia za Kila Siku

Kuna picha iliyopigwa Machi 1955 katika misitu ya misonobari ya Landes, kusini mwa Bordeaux, ambayo kwa miaka mingi Wafaransa hawakuionyesha hadharani. Treni haimo. Zinaonekana reli mbili tu, na reli hizo, ambazo kabla ya siku ile zilikuwa zimenyooka kama uzi, zimekwenda kushoto, zikarudi kulia, zikaenda tena kushoto, kama alama anayoiacha nyoka mchangani. Mataruma yamesukumwa pamoja nazo. Kichwa cha treni cha umeme nambari BB 9004, kikivuta mabehewa matatu, kilikuwa kimetoka kupita kwa kasi ya kilomita 331 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, kila sekunde moja kilikula mita 92.

Picha hiyo ndiyo iliyonibadilisha namna ninavyoziangalia rekodi za treni. Wengi wetu tunazijua zile kubwa: TGV ya Ufaransa iliyofika kilomita 574.8 kwa saa tarehe 3 Aprili 2007, au kwa Afrika, Al Boraq ya Morocco iliyofika 357 tarehe 4 Mei 2018. Ni kazi za kujivunia. Lakini zote mbili zilifanyika kwenye njia mpya zilizojengwa kwa ajili ya mwendo mkali. Mimi navutwa zaidi na zile zilizowekwa kwenye njia ambayo jana yake imepitisha abiria na vikapu vyao, na kesho yake itapitisha tena. Huko reli nayo inafanya mtihani, sawa na injini, na majibu yake hayafichiki.

Iliyoikunja njia yake

Landes ilichaguliwa kwa sababu ni tambarare na njia yake imenyooka kwa makumi ya kilomita. Majaribio yalifanyika siku mbili mfululizo, 28 na 29 Machi. Siku ya kwanza ilikuwa zamu ya CC 7107, ya pili BB 9004. Shirika la reli lilitangaza kwamba vichwa vyote viwili vilifika 331; baadaye ikajulikana kuwa CC 7107 kiliishia 326.

Umeme wa njia ile ulikuwa wa volti 1500 tu. Volti zikiwa ndogo na nguvu inayotakiwa ni kubwa, mkondo unaopita kwenye waya lazima uwe mkubwa kupita kiasi, na wote unapitia mahali pamoja padogo: pale pantografu, ule mkono wa juu ya paa, inapogusa waya. Mafundi walipandisha volti hadi kiasi cha 1900, na hata hivyo pantografu zilipata moto hadi kuyeyuka. Juu chuma kikiyeyuka, chini reli zilikuwa zikikunjwa. Treni ilipita salama, lakini bila nafasi ya kubahatisha.

Rekodi hiyo, kwa upande wa vichwa vya treni vinavyovuta mabehewa, ilikaa miaka 51, mpaka kichwa cha Siemens kilipofika 357 nchini Ujerumani tarehe 2 Septemba 2006. Njia ya Landes yenyewe ilinyooshwa na ikaendelea na kazi. Mwaka 1972 ikapokea mgeni mwingine, TGV 001 iliyoendeshwa kwa tabo za gesi, ikafika 318. Safari hii njia haikukunjika.

Ya kwanza kuvuka 200

Wengi hudhani kilomita 200 kwa saa ni habari ya juzi. Ni ya 1903. Kusini mwa Berlin, kati ya Marienfelde na Zossen, jeshi la Prussia lilikuwa na reli yake ya kilomita 23, na kampuni za Siemens na AEG ziliruhusiwa kuijaribia magari ya umeme. Nyaya zilikuwa tatu, zimepangwa moja juu ya nyingine kwenye nguzo za pembeni, si juu ya paa kama tulivyozoea leo.

Jaribio la kwanza, mwaka 1901, lilikwama, na kosa halikuwa la injini. Magari yalipokaribia kilomita 160 kwa saa, njia ilianza kuharibika chini yao. Ikabidi kurudi nyuma: reli nzito zaidi zikatandikwa, kokoto zikaongezwa, na ndipo Oktoba 1903 gari la Siemens likafika 206.7 na siku chache baadaye la AEG likafika 210.2. Kwa hiyo rekodi ya kwanza kabisa ya kuvuka 200 ni ya watandika reli kama ilivyo ya wahandisi wa umeme, ingawa vitabu huandika jina la gari peke yake.

Njia yenye rekodi nyingi kuliko zote

Nikiulizwa ni njia gani moja iliyobeba rekodi nyingi ndani ya muda mfupi, nitaitaja Berlin–Hamburg bila kusita. Ilifunguliwa 1846, zama za injini ndogo za mvuke. Tarehe 21 Juni 1931, Franz Kruckenberg alilipitisha juu yake gari lake lenye panga la ndege kwa nyuma, lililoitwa Schienenzeppelin, likafika 230.2. Lilikuwa na uzuri wa kustaajabisha, na halikufaa kwa safari: halikuweza kuvuta mabehewa, na panga linalozunguka wazi karibu na jukwaa lenye watu ni hatari tupu. Lilijengwa moja tu, likaja kubomolewa.

Lakini miaka miwili baadaye, treni ya dizeli ya kawaida ya abiria, Fliegender Hamburger, ilianza kuukata mwendo wa kilomita 286 kati ya miji hiyo kwa dakika 138. Tarehe 11 Mei 1936 injini ya mvuke 05 002 ikafika 200.4 kwenye njia hiyohiyo. Mwaka 1939 Kruckenberg alirudi na treni ya dizeli, akaipeleka hadi 215. Kati ya hizo zote ninayoithamini zaidi ni zile dakika 138, kwa sababu mtu aliweza kununua tiketi. Baada ya vita na kugawanyika kwa nchi, ilibidi kungoja hadi 1997 ndipo abiria wa njia ile wapate tena treni ya kufikia muda huo.

Ya mvuke yenye kasi kuliko zote

Jumapili ya tarehe 3 Julai 1938, injini ya mvuke Mallard ilitoka kaskazini ikielekea London kwenye njia kuu ya mashariki ya Uingereza. Rasmi, ilikuwa inajaribu breki. Nyuma yake kulikuwa na mabehewa sita na gari la vipimo, ambamo karatasi ndefu ilikuwa ikijifungua taratibu huku kalamu zikichora mwendo na nguvu ya mvuto. Dereva alikuwa Joe Duddington, mwenye umri wa miaka 61. Mchochea makaa alikuwa Tommy Bray.

Pale Grantham reli ilikuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo treni iliyokuwa ikienda kuvunja rekodi ya dunia ililazimika kupita pole pole kama nyingine yoyote. Njia ya kila siku haimtambui mgeni. Baada ya hapo Duddington alifungulia, akapanda mlima wa Stoke, na alipovuka kilele akaiachia iteremke. Magurudumu yake makubwa yana kipenyo cha zaidi ya mita mbili. Pale kalamu ilipochora kilele chake cha kilomita 202.8 kwa saa, kila gurudumu lilikuwa likizunguka karibu mara tisa kwa sekunde, na vyuma vizito vinavyolisukuma vikienda mbele na kurudi mara tisa ndani ya sekunde hiyo.

Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu. Beringi kubwa ya silinda ya katikati imejificha ndani, haionekani wala haifikiki kwa mkono safarini. Mhandisi mkuu, Nigel Gresley, alijua tabia yake, na ndani yake kulikuwa kumewekwa kichupa chenye harufu kali ya anisi, kipasuke ikipata moto kupita kiasi. Kikapasuka. Kwenye kibanda cha dereva, katikati ya moshi, makaa na mafuta, wakasikia harufu tamu ya kiungo, na wakajua maana yake. Mallard ilipunguzwa mwendo, ikafikishwa Peterborough, ikafunguliwa kutoka kwenye mabehewa, na injini nyingine ya zamani zaidi ikayavuta mpaka London.

Watu bado wanabishana kuhusu mteremko ule na kuhusu ile 200.4 ya Wajerumani iliyopatikana kwenye njia tambarare. Ubishi huo una haki. Lakini hakuna injini ya mvuke iliyopimwa na kukubaliwa juu ya 202.8 hadi leo, na siku ile yote imesalia kwenye karatasi ya gari la vipimo.

Iliyowekewa injini za ndege

Mwaka 1966 shirika la New York Central la Marekani lilichukua behewa la dizeli linalojiendesha, la aina iliyokuwa ikibeba abiria wa kawaida, likafunga juu ya paa lake, upande wa mbele, injini mbili za jeti za mitumba, J47, za aina iliyotumika kwenye ndege za kijeshi. Mhandisi Don Wetzel alisimamia kazi na yeye mwenyewe akaliendesha. Tarehe 23 Julai, kwenye njia iliyonyooka kati ya Butler, Indiana, na Stryker, Ohio, behewa hilo, M-497, lilifika kilomita 295.6 kwa saa.

Shirika halikuwa na nia ya kubeba abiria kwa jeti. Lilitaka kujua tabia ya reli na magurudumu kwa mwendo ule, na jeti ilikuwa njia rahisi ya kulifikisha behewa huko bila kujenga kitu kipya. Baada ya majaribio, injini zilishushwa na kutumiwa kupuliza theluji kwenye njia. Behewa lilirudishiwa sura yake na likaendelea kubeba abiria kwa miaka mingine kumi hivi.

Iliyoinama kwenye kona

Njia iliyonyooka ni bahati. Njia nyingi za zamani zinafuata mito na kuzunguka vilima, na kona ndiyo inayokula muda. Waingereza, miaka ya 1970, waliamua kuziacha kona zao kama zilivyo na kutengeneza treni inayoinama ndani kama mwendesha pikipiki. Iliitwa APT. Tarehe 10 Agosti 1975 treni ya majaribio ilifika kilomita 245 kwa saa kati ya Swindon na Reading, kwenye njia ambayo Isambard Kingdom Brunel aliisanifu miaka ya 1830. Desemba 1979 toleo la pili lilifika 261 kusini mwa Uskoti, na ikawa rekodi ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 20.

Kuinama ndiko kulikozungumzwa sana, lakini kwangu breki zake ndizo habari kubwa. Taa za ishara kwenye njia ya zamani zimesimikwa kwa umbali unaoitosha treni ya mwendo wa zamani kusimama. Dereva akiona taa ya tahadhari, anajua ana umbali fulani kabla ya nyekundu. Ukiongeza mwendo mara moja na nusu, umbali wa kusimama unazidi mara mbili, na taa hazisogei. Wahandisi wa APT wakabuni breki inayotumia maji yaliyofungiwa ndani ya ekseli, ili treni iendayo kwa kasi kubwa zaidi isimame ndani ya umbali uleule wa taa za zamani.

Abiria walipopanda mwaka 1981 baadhi walichefuka. Sababu inafundisha. Treni iliinama kwa usahihi mno, kiasi kwamba mwili haukuisikia kona hata kidogo, ilhali jicho dirishani liliona dunia nzima ikilala upande. Jicho likasema hivi, sikio la ndani likasema vile, tumbo likalipa. Dawa ilikuwa kupunguza kuinama kidogo, mwili nao upate habari ya kona. Mradi ulikatishwa kabla ya dawa hiyo kuwafikia wengi, lakini leo treni za Pendolino zinainama kwenye kona zilezile za pwani ya magharibi ya Uingereza, na abiria wanakunywa chai yao.

Glasi ya maji

Sweden walifikia kilomita 303 kwa saa tarehe 14 Septemba 2008, kati ya Skövde na Töreboda, kwenye njia kuu ambayo treni za abiria huenda kwa 200. Huko siri ilikuwa magurudumu yaliyoshikwa kwa ulaini, yasiyoipiga reli.

India nao wana kipimo chao kinachoeleweka na kila mtu. Agosti 2022, treni ya Vande Bharat ikijaribiwa karibu na Kota, glasi iliyojaa maji iliwekwa dirishani, kando yake simu ikionyesha mwendo. Namba zilipanda kupita 180, maji yakatikisika kidogo juu, tone halikumwagika. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini mwezi Oktoba mwaka uleule, siku chache baada ya treni ya aina hiyo kuzinduliwa kati ya Mumbai na Gandhinagar, iligonga nyati wa kufugwa karibu na Ahmedabad na pua yake ikabomoka. Ikabadilishwa haraka, treni ikarudi kazini. Njia ya zamani ina majirani: wachungaji, wanafunzi wanaovuka, mashamba yaliyoikaribia kwa miaka mia. Ndiyo maana uzio wa pembeni ni sehemu ya mwendo kama ilivyo injini, na kwingi India treni hizo zimebaki kwenye 130.

Yenye kasi kuliko zote kwenye reli nyembamba

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu ni ya Afrika na haitajwi vya kutosha.

Kwanza, tatizo lenyewe. Gurudumu la treni halikuchongwa bapa. Limechongwa kama koni, upande wa ndani mnene kuliko wa nje, na magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja. Ekseli ikisogea kushoto, gurudumu la kushoto linakanyaga kwa sehemu yake nene na la kulia kwa nyembamba, kwa hiyo ekseli inajigeuza yenyewe kurudi katikati. Ni ufundi mzuri sana. Ila inaporudi hupitiliza, ikaenda kulia, ikarudi tena. Kwa mwendo mdogo abiria anahisi kama anabembelezwa. Kwa mwendo mkali kule kubembea kunageuka vipigo, kushoto-kulia, kushoto-kulia, na ndivyo njia ya Landes ilivyokunjwa. Kwenye reli nyembamba, ambako behewa ni pana kuliko miguu yake, hatari inakuja mapema zaidi.

Wajapani walianza kuitatua, na reli zao za kawaida ni za geji, yaani upana kati ya reli mbili, ya milimita 1067. Tadashi Matsudaira, ambaye wakati wa vita alichunguza mitetemo inayovunja mabawa ya ndege, alitambua kwamba kuyumba kwa treni ni ugonjwa wa ukoo huohuo. Tarehe 27 Septemba 1957 treni ya kampuni ya Odakyu, ikiazima njia ya serikali ya Tokaido kwa kuwa ya kwake haikuwa na mnyooko wa kutosha, ilifika 145, rekodi ya dunia kwa geji nyembamba. Mwaka 1960 gari la majaribio likafika 175. Kisha Wajapani wakajenga Shinkansen kwenye geji pana, na nyembamba wakaiacha hapo.

Aliyeiendeleza alikuwa mhandisi wa reli wa Afrika Kusini, Herbert Scheffel, naye hakuanza kwa kutafuta mwendo. Alitaka mabehewa ya madini yenye mzigo mzito yasile magurudumu na reli. Chini ya kila behewa kuna vitoroli vya magurudumu manne, ambavyo mafundi huviita bogi. Wengine walizikaza ekseli ndani ya bogi ili zisiyumbe, zikawa zinakwaruza kwenye kila kona. Scheffel aliziachia zijigeuze zenyewe, kisha akaziunganisha mbili-mbili kwa vyuma vilivyopishana kama herufi X, ili moja ikitaka kuyumba nyingine iizuie. Bogi hizo ndizo zilizobeba madini kwenye njia ya Sishen hadi Saldanha, ambako Agosti 1989 ilipita treni moja ya mabehewa 660, yenye urefu wa zaidi ya kilomita saba.

Tarehe 31 Oktoba 1978, bogi za mpango huohuo zilifungwa kwenye kichwa cha umeme cha kawaida, 6E1 nambari E1525, kilichobadilishwa gia na kuvalishwa pua iliyochongoka, pamoja na behewa la abiria wa mjini. Njia ilikuwa ya kila siku, karibu na Johannesburg, kati ya Westonaria na Midway. Kikafika kilomita 245 kwa saa. Hakuna treni ya geji nyembamba, Japani wala Australia wala kwingine kokote, iliyopita hapo mpaka leo.

Aliyewahi kusafiri kwenda Kigoma kwa reli ya kati anaujua ule mlio wa ta-tam, ta-tam wa magurudumu yanapovuka viungio, na anajua chai isivyokaa kikombeni gari likishika mwendo. Njia ile ni ya geji ya milimita 1000, sawa na reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu. Leo Dar es Salaam–Dodoma tunayo njia mpya pana na treni ya umeme ya kilomita 160 kwa saa, na wengi wetu tumeshazoea kusema kwamba wembamba wa reli ya zamani ndio uliotuchelewesha. Nami nilisema hivyo kwa miaka. Kisha nikatazama geji ya E1525: milimita 1067, hatua moja ndefu ya mtu mzima. Ni geji ileile ya TAZARA, kilomita 1860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa kipimo hicho makusudi ili iungane na reli za kusini, ambako siku ile ya Oktoba kichwa kile kilipita.